Bila Kisu, Walimwambia Madame

Chaki aliyotembea nayo Madame ndani ya sakoshi yake ilikuwa nyekundu. Nyeupe aliwaachia walimu ambao bado wako kazini. Nyekundu ni ya makosa, na makosa, alikuwa anasema, hayastaafu. Ukuta wowote wa mtaani ulioandikwa vibaya ulikuwa daftari lake. Anasimama, anaweka kitenge sawa begani, anakata neno, anaandika lililo sahihi juu yake, anaenda zake. Fundi mmoja wa matairi aliwahi kumkimbilia na chuma mkononi, akipiga kelele nani anaharibu ubao wake. Alipoona ni nani, aliweka chuma chini akamsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amemfundisha kusoma.

Madame ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike kwetu Lubumbashi. Katika commune ya Kenya, sehemu moja ya mji (Kenya yetu, si ile nchi), akina Madame wako wengi, lakini ukipanda pikipiki na kusema "nipeleke kwa Madame", bila kuongeza neno, ulikuwa unashushwa mlangoni kwake. Siku hizi anaishi Sakania, kule mpakani, kwa dada yake. Safari hii kweli yuko Sakania. Kwa nini nasema kweli, mtaelewa. Mimi alinifundisha darasa la nne, nikawa jirani yake, nikawa nesi wa dispansere ya avenue yetu. Nimemwona kwa pande zote, hata upande ambao hakutaka uonekane. Huo nausema leo kwa sababu yeye mwenyewe aliutoa hadharani.

Alikuwa na Viswahili viwili. Darasani ni kile cha vitabu, kilichonyooka kama mstari wa rula. Nyumbani, akicheka sana au akikasirika sana, kile cha mji kilikuwa kinamtoroka mdomoni: bantu, bintu, iko, haiko. Sisi watoto tulikuwa tunajua. Akikugombeza kwa Kiswahili cha vitabu, bado uko salama. Ukisikia "weye mutoto", kimbia.

Neno lililomuudhi kuliko yote lilikuwa kutosha. Sisi wa mji huu tukitaka kusema kutoa, tunasema kutosha. Tosha viatu. Tosha sufuria kwenye moto. Bamemutosha ku kazi. Madame alikuwa anashika kichwa. "Kutosha ni kuenea! Mkate ukitosha, wote wanakula. Sasa viatu vinatosha nini, vinatosha nani?" Na darasa zima tunarudia: kutoa ni kutoa, kutosha ni kuenea. Saa ya kutoka ikigonga, tunatosha madaftari kwenye meza na kukimbia nyumbani.

Wimbo wake wa pili ulikuwa kuuliza si ujinga. Huo hakuusema tu, aliuishi. Siku moja inspekta alikuja kukagua shule, akachelewa mpaka tukalegea kwa njaa. Msichana mmoja akanyoosha kidole: "Monsieur, kwa nini umechelewa, na sisi tukichelewa tunafukuzwa?" Mkurugenzi wa shule alitamani ardhi ipasuke immeze. Madame akasema tu, "Ameuliza vizuri. Tunasubiri jibu." Inspekta akajibu, tena akaomba radhi. Tangu siku ile tuliuliza kila kitu: muuza samaki, padri, polisi wa barabarani.

Lakini yeye usimuulize. Hapo ndipo Madame alikuwa na fundo lake. Ukimuuliza kwa nini anakaa kwenye ngazi ya dispansere kupumzika kabla ya kuingia, atakuuliza wewe kwa nini huna kazi ya kufanya. Vidonge vya pressure alivificha kwenye kopo la majani ya chai. Aspirini yake ya kila asubuhi aliimeza jikoni akiwa amegeukia ukuta. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo tulijifunza kwake, aliiandika ubaoni kwa mkono wake.

Alikuwa mnene. Niseme wazi, maana kisa chote kiko hapo. Unene wake ulikuwa mali ya mtaa. Wakati wa utoto wangu, bibi harusi akiwa mwembamba, mama zake walikuwa wanamwambia, "Kula, mutoto, unone sawa Madame." Kikwembe, kitenge cha kiunoni, akikifunga, mtu anasimama kutazama. Siku ya sikukuu ya walimu alicheza katikati ya uwanja, na wanaume wazima walipiga makofi kwa heshima, si kwa matani. Bukari, ugali wetu, aliila kwa mkono, polepole, akiikanda vidoleni mpaka iwe laini, na hakuna aliyehesabu matonge.

Halafu simu zikaja, na mji ukabadili macho. Mnaniona nimekasirika? Nimekasirika. Watu wale wale waliokuwa wanawaambia mabinti wanone, wakaanza kuwaambia wakonde. Kwenye komunyo ya mjukuu wake, mtu alimpiga Madame picha ameketi, kutoka upande. Picha ikazunguka kwenye kikundi cha wanafunzi wake wa zamani, na chini yake maneno ya kucheka. Sitayarudia. Nitasema tu kwamba waliyoyaandika waliyaandika bila kosa hata moja la tahajia. Ni yeye aliyewafundisha kuandika.

Kikwembe aliacha kukifunga kwa mbele, akaanza kuvaa magauni mapana kama pazia. Bukari akawa anaitazama tu.

Ndipo ukuta wa saluni ukaandikwa. Saluni ile iko njia panda yetu, ya mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa ambaye sisi sote anatusuka. Kliniki moja ya kule Golf, kwenye majumba ya matajiri, ilimlipa achore tangazo lao kwenye ukuta wake wa bluu, kwa herufi nyeupe kubwa:

TUNATOSHA MAFUTA NA LASER. BILA KISU. BILA MAUMIVU. KESHO UNARUDI KAZI.

Madame alisimama mbele yake na sisi nyuma yake, tukijua kinachokuja. Sakoshi ikafunguka. Akakata TUNATOSHA, akaandika TUNATOA juu yake kwa nyekundu. Tulicheka mpaka mwenye saluni akatoka na kichana mkononi. "Madame, banalipa kwa ile ukuta!" Madame akamjibu, "Basi waambie walipe na mwalimu." Mvua ya kwanza ilifuta chaki, na TUNATOSHA ikarudi mahali pake.

Kumbe maneno mengine alikuwa ameyasoma pia. Aliyasoma na kuyameza bila kutafuna, kama aspirini yake. Miaka yote alikuwa ametufundisha somo la mwanga: mwanga unapita kwenye kioo na hauvunji, unaingia kwenye maji na hauloi. Mwanga haukati. Laser ni mwanga. Kwa hiyo laser haikati. Hesabu ilikuwa imenyooka, na ilitaka kumuua.

Aliaga mtaa kwamba anaenda Sakania kumwona dada yake. Tulimpa salamu za kupeleka. Mimi mwenyewe nilimbebea mfuko mpaka barabarani.

Mtu asiyekijua mji wetu hataona ubaya wa uongo ule, basi nieleze. Kwetu hakuna mtu anayeingia hospitali peke yake. Unakwenda na garde-malade: dada, shangazi, binti wa jirani, mtu wa kulala chini ya kitanda chako, wa kuosha, wa kupika, wa kusikia daktari anasema nini kwa sababu mgonjwa hasikii. Ukianza kutetemeka saa mbaya, yeye ndiye anayepiga kelele kwenye korido. Hata mtu anayekatwa kucha iliyooza anakwenda na garde-malade. Madame alikwenda Golf bila hata mmoja. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Walisema si operesheni. Nani anabeba garde-malade kwenda kumulikwa taa?"

Kwa hiyo aliingia peke yake, akalala peke yake, akarudishwa peke yake kwenye teksi, mchana wa siku ile ile.

Nilimkuta siku chache baadaye, kwa bahati. Niliona dirisha lake limefunguliwa kidogo na nikawaza wezi, maana mwenyewe si yuko Sakania? Nikazunguka nyuma. Alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, uso wa majivu, gauni limegandamana tumboni. Harufu niliitambua kabla sijainama. Nesi hasahau harufu ile. Nilipotaka kufunua, alinishika mkono kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi.

"Usiite bantu," akasema. Bantu, si watu. Nikajua mambo yameharibika.

Sikuita watu. Niliita gari.

Katika hospitali kubwa tulipokewa na daktari wa upasuaji, mtu mzima, mpole, mchovu. Alipomaliza kusafisha na kukata nyama iliyokufa, na Madame alipopata fahamu za kutosha kusikiliza, alivuta kiti akakaa. Sitasahau namna alivyomwambia, kwa sababu hakumcheka.

"Mama, laser haiko tochi. Ile mwangaza inapita mu kawaya kadogo sana. Kawaya kanaingia chini ya ngozi. Kuingia, ni kutoboa. Inatoa moto, mafuta inayeyuka, kisha banaivuta na mrija. Moto ikikaribia sana ngozi, inaichoma toka ndani. Njo ile ulipata."

Madame alitazama dari. "Kumbe iko kisu."

"Iko kisu, mama. Kadogo, lakini iko kisu. Balikuuliza juu ya dawa unakunywa?"

Hawakumuuliza. Hapa ndipo damu yangu inachemka hadi leo. Hakuna aliyemfunga kipimo cha pressure mkononi. Hakuna aliyemuuliza habari ya aspirini, na aspirini inaachia damu itoke, mwanafunzi wa unesi wa mwaka wa kwanza anajua. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile si dawa ya unene, kwamba ni ya kuondoa vifuko vidogo vya mafuta kwa mtu ambaye uzito wake hauna shida, na kwamba mtu wa mwili wake hata ingefanikiwa angetoka na ngozi inayoning'inia. Hakuna aliyempa ule mkanda wa kubana ambao mtu anatakiwa kuuvaa kwa majuma, wala kumwambia kwamba atavimba, atatokwa na maji, na kwamba homa ikija asisubiri. Atamsubiri nani? Yule aliyemtoboa alikuwa mgeni wa kupita, koti jeupe na manukato. Tulipopiga simu ya kliniki, sauti tamu ya msichana ilituambia docteur amesafiri, na Madame aweke mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi! Juu ya nyama iliyoungua!

Watu hawa wangekuwa wanauza samaki mbovu, soko la Kenya lingewafukuza kwa mawe. Lakini wanauza kwa Kifaransa, kwenye kiyoyozi, basi tunasema aksanti.

Na hasira yangu haikuishia Golf. Ilimfikia Madame mwenyewe. Mtu aliyemsimamisha inspekta na kusema "tunasubiri jibu", alilala kwenye meza ile bila swali hata moja. Nani atakayenishika? Wewe ni daktari wa nini, na mwalimu wako ni nani? Dawa ya usingizi anaiangalia nani? Mambo yakiharibika mnanipeleka wapi, kwa gari gani? Usiku nikipata homa nampigia nani? Maswali matano tu, na darasa la nne lingeyauliza yote. Nilimwambia hivyo siku moja nikibadilisha kitambaa cha kidonda, na sikuchagua maneno. Akanijibu, "Ulitaka niulize nini, wakati mimi mwenyewe nilikuwa naona haya kuwa pale?"

Haya ndiyo iliyomfunga mdomo, na haya ile walimpa watu wa picha.

Kidonda kilifunga polepole, vibaya. Tumboni alibaki na ngozi iliyokunjamana, nyeusi pembeni, nyekundu katikati, yenye bonde upande mmoja. Mtaani alisema maji ya bukari yalimmwagikia. Yeye, aliyekuwa anatuchapa kwa uongo kuliko kwa kelele! Watu walimpa pole, wakamwambia anunue sufuria yenye mikono mizuri. Mimi nilinyamaza, kwa sababu siri ya mgonjwa si yangu.

Nilinyamaza mpaka mdogo wangu Fifi aliponiambia, akisukwa saluni, kwamba naye anakwenda Golf.

Fifi ana watoto wawili na tumbo la mtu mwenye watoto wawili. Ana sindano ya sukari anayojichoma kila siku. Nilimwambia kila kitu alichosema yule daktari. Alinicheka, mimi yaya wake, mkubwa wake.

"Yaya, weye uko na wivu. Soma ukuta. Bila kisu."

"Ukuta iko bongo, inadanganya!"

"Unajua muntu aliungua? Mutaje."

Ningemtajaje? Nilikwenda kwa Madame. Alikuwa anachambua mboga kwenye sinia. Nikamwambia Fifi ana sukari, kidonda chake hakitafunga kama chako, Fifi atakufa. Sema naye. Si lazima mtaa wote, sema na Fifi tu.

Aliendelea kuchambua. "Ni maji ya bukari," akasema kwa Kiswahili chake cha vitabu. "Yalimwagika."

"Mficha maradhi, Madame?"

"Toka nyumbani kwangu."

Nilitoka, na mlango niliubamiza. Sikumtembelea tena kwa muda, nikimwona mbali ninavuka barabara. Fifi akapewa siku yake kliniki. Mama yetu nilimwambia, akalia, lakini Fifi ni mtu mzima, utamfunga kamba?

Jumamosi kabla ya siku ile nilikwenda saluni kumbembeleza kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, chini ya ukuta ule, nusu ya kichwa imesukwa, wanawake wengine wakimzunguka na kumtania kwamba mume wake hatamtambua. Mimi naongea, yeye anatazama kucha.

Mara benchi zima likageuka kutazama barabarani. Madame alikuwa anakuja, na gauni pana hakulivaa. Alikuwa amefunga kikwembe kwa mbele, kama zamani, na blauzi fupi. Alitembea kwa kuegemea upande ule wenye bonde. Hakunisalimia. Hakumsalimia mtu. Alisimama mbele ya ukuta, sakoshi ikafunguka, chaki nyekundu ikatoka.

"Aa, Madame anakwenda kukata tunatosha," mwanamke mmoja akacheka.

"Fifi," akasema Madame. "Simama. Kosa liko wapi?"

Fifi akasimama, mtu mzima, nusu kichwa, kama yuko darasani. "Tunatosha, Madame. Kutoa ni kutoa, kutosha ni kuenea."

"Hapana. Ile niliikata bure. Ile haiko kosa, njo vile tunasema." Aliinua mkono, akakata BILA, ya mbele ya KISU, mara moja, akabonyeza mpaka chaki ikavunjika, kipande kikaanguka miguuni pa Fifi.

Mwenye saluni alitoka mbio. "Madame! Ukuta yangu!"

"Mvua itaifuta," akasema Madame. "Hii yangu haifutike."

Akapandisha blauzi, akashusha kikwembe. Mchana kweupe, njia panda, pikipiki zikipita. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Haiko maji ya bukari," akasema. "Nilisema bongo. Nilikwenda Golf. Baliniambia iko mwangaza, na miye nikaitika, miye Madame. Balitosha mafuta, balitosha na ngozi, karibu batoshe na roho. Sikuuliza kintu. Sasa muniulize. Mote. Niko hapa, niulizeni."

Nilitaka kwenda kumfunika, nikajizuia.

Fifi alitazama lile tumbo. Halafu akainama, akaokota kile kipande cha chaki, akageukia ukuta. Alikata BILA ya pili, ya mbele ya MAUMIVU. Kisha akageuka, akanyoosha kidole juu, kama tulivyofundishwa.

"Madame," akauliza, "iliuma namna gani?"